Jinsi ya kumbana mwaniaji kiti bila kumtusi: mwongozo wa mpiga kura wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027, na hata kama tume ya uchaguzi, IEBC, haijapuliza kipenga cha kampeni, fungua grupu yoyote ya wadi saa hii, kuanzia Kaptembwo hadi Kondele hadi Luanda, utapata maneno ni yale yale. Huyu ni mwizi, yule ni mlevi, huyu mwingine bibi alimtoroka, yule si mtu wa huku. Halafu uliza swali moja tu, ile dispensari iliyowekewa msingi iliisha ama haikuisha, grupu inanyamaza kimya kama hakuna mtu.

Mimi naishi Nakuru na nimekuwa nikisaidia kuandaa mijadala ya wawaniaji kwenye wadi, na kitu kimoja nimekiona kila mahali: matusi ndiyo yanamwokoa mwanasiasa. Ukimwita mlevi, dakika zake zote atazitumia kujitetea kuhusu pombe, watu wa ukoo wake watakasirika kwa niaba yake, vijana wake watakuzomea, na lile swali la pesa ya soko litakufa hapo hapo. Atatoka kwa huo mkutano akiwa na kura nyingi kuliko alizokuja nazo.

Lakini pia kuna ule ujanja wa upande wa pili, na huu unaniuma zaidi. Mtu anaulizwa swali halali kabisa, tenda ilienda kwa kampuni ya nani, anajibu "hayo ni mambo ya kibinafsi, mnaniharibia jina". Hapana. Si kila kitu kinachomuuma mwanasiasa ni shambulio la kibinafsi. Kwa hivyo huu mwongozo ni wa pande zote mbili, usimtusi, na pia usimwachilie.

Hatua ya 1: Jua kiti anachoomba kina kazi gani

Tuna viti sita kwenye debe, na nusu ya matusi yanatoka kwa watu kutojua nani anafanya nini. MCA, yaani mwakilishi wa wadi, anatukanwa kwa sababu ya barabara ambayo iko chini ya KURA ama KeNHA, zile mamlaka za kitaifa za barabara, mbunge anatukanwa kwa sababu dawa hazipo hospitali ya kaunti, gavana anatukanwa kwa sababu ya walimu wa sekondari. Wote watatu wanafurahi kwa sababu kila mmoja ana njia ya kuruka.

Kwa ufupi: hospitali za kaunti na dispensari, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya kijijini, masoko, takataka, maji na barabara za kaunti, hizo ni za gavana na serikali yake. MCA kazi yake ni kuwakilisha wadi, kutunga sheria za kaunti na kuchunga hiyo pesa ya gavana isiliwe. Yeye mwenyewe hajengi kitu, lakini ndiye anapitisha bajeti na ndiye anafaa kuuliza maswali pale bunge la kaunti. Nakuru tuna wadi 55, Kisumu 35, Kakamega 60, na kila moja ina mtu analipwa mshahara kwa hiyo kazi ya kuchunga. Mbunge ana sheria za taifa na ile NG-CDF, hazina ya maendeleo ya eneo bunge, ambamo madarasa na basari nyingi zimekuwa zikitoka. Seneta anachunga pesa zinazoenda kaunti.

Ukishajua hivyo, swali lako linalenga mtu mwenye kosa.

Hatua ya 2: Chuja ile kashfa mpaka ubaki na swali

Hii ndiyo hatua kubwa, soma polepole. Ukipata maneno kuhusu mwaniaji, iwe ni voisi noti ama skrinshoti ama ni mambo ya kijiweni, usiulize kwanza kama ni tamu, jiulize hivi: hiki ni kitu alichofanya mwenyewe, si kitu alizaliwa nacho? Kinagusa pesa yetu, kura yetu, ama mamlaka tuliyompa? Na kuna mahali mtu anaweza kwenda kuthibitisha? Kama majibu ni hapana, hapana, hapana, basi hiyo ni porojo, iache. Kama lile la katikati, la pesa, kura ama mamlaka, jibu lake ni ndiyo, kuna swali limejificha ndani ya ile takataka, litoe.

Nikupe mifano ya mambo ambayo yanasemwa kila siku huku kwetu.

"Ni mlevi." Anakunywa na pesa yake jioni, hiyo ni yake na familia yake. Lakini je, huwa anaenda kazi? Katiba kifungu cha 194 kinasema MCA akikosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha bunge bila ruhusa ya maandishi ya spika, anapoteza kiti, na wabunge na maseneta wana sheria kama hiyo kwa kifungu cha 103. Kwa hivyo wachana na chupa, uliza mahudhurio. "Mheshimiwa, mwaka jana ulikosa vikao vingapi, na ni lini mara ya mwisho ulizungumza kuhusu hii wadi?" Hansadi, ile rekodi ya yanayosemwa bungeni, inaandika. Kama pombe ndiyo ilimzuia, mahudhurio yatasema bila wewe kutaja pombe.

"Ana bibi watatu." Hiyo achana nayo kabisa. Ila kama mmoja wa hao mabibi ana kampuni inayouza vitu kwa kaunti ambayo bwana yake anaichunga, sasa hapo si mambo ya ndoa tena, ni mgongano wa maslahi, na tangu 2025 tuna sheria yake kamili. Swali linakuwa la kampuni, tenda na tarehe. Jina la mama halina haja ya kupigwa matope sokoni.

"Hajasoma." Gavana lazima awe na digrii, hiyo ni sheria, kwa hivyo kuuliza cheti cha mtu anayetaka ugavana si kumdharau. MCA kwa 2022 hakuhitaji digrii, na kumcheka mama wa soko ambaye anagombea wadi kwa sababu Kizungu chake kinakwama ni ujinga, wengi wa hao wasiojua Kizungu ndio wanajua bei ya kila kitu na shida ya kila mtaro. Lakini kuna mstari: kama yeye mwenyewe alitangaza kwenye posta kwamba ana digrii, na hana, basi swali si masomo tena, swali ni uongo. Hapo unaweza kumbana.

"Ni mgonjwa." Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Uliza tu kazi inafanyika ama haifanyiki, na kama hayupo nani anasaini karatasi.

"Haishi huku, anaishi Nairobi." Hii watu wanasema kama tusi lakini ndani yake kuna swali zuri sana. Ofisi ya wadi iko wapi, inafunguliwa siku gani, nani anakaa hapo, na mtu akitaka fomu ya basari anaipata wapi.

"Ana kesi kortini." Hapa kuwa makini. Kushtakiwa si kupatikana na hatia. Sema "ameshtakiwa" kama ameshtakiwa, sema "alipatikana na hatia" kama korti ilisema hivyo, na usichanganye hizo mbili hata kama unamchukia. Hukumu nyingi ziko wazi kwenye tovuti ya Kenya Law na kusoma ni bure. Na kuuliza mwaniaji kuhusu kesi ya pesa ya umma ni haki yako kabisa, Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu, iliwekwa kwa ajili ya maswali kama hayo, asikuambie ni vita vya kisiasa na mjadala uishie hapo.

Umeona? Karibu kila kashfa ina swali ndani, ila lile swali ni dogo, halina utamu, na linahitaji mtu akae chini alifanyie kazi. Ndiyo maana wengi wanachagua tusi.

Hatua ya 3: Kabila, ukoo na tohara hazichujwi, zinatupwa

Kwa hii sina mzaha hata kidogo. Sisi watu wa Nakuru na Kisumu hatuhitaji kuhadithiwa maneno yanapeleka wapi. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007, na Januari 2008 Nakuru na Naivasha watu walichinjana majirani kwa majirani, uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa wakimbizi wa ndani, Kisumu watu wakauawa kwa risasi za polisi. Watu walikuwa wameambiwa kwa muda mrefu kwenye mikutano na redioni kwamba fulani si wa hapa. Halafu siku ikafika.

Ndiyo ikaundwa NCIC, ile Tume ya Uwiano na Utangamano, kwa sheria ya 2008, na kifungu cha 13 cha hiyo sheria kinasema matamshi ya chuki yanaweza kukupeleka ndani hadi miaka mitatu, ama faini ya hadi shilingi milioni moja, ama zote mbili. Kabla ya kura za 2022 tume ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa, "madoadoa" yakiwemo, "kwekwe", "mende", na lile neno la kumwita mwanamume mzima kihii, yaani asiyetahiriwa. Kuna mengine kwenye ile orodha watu walibishania hadi kortini, kama "hatupangwingwi" (yaani hatupangiwi), na mahakama ikaona tume ilikosea kuyapiga marufuku, sawa, hilo ni jambo la kujadili. Lakini kumwita jirani yako doa ama mdudu, hakuna cha kujadili hapo. Mtu akiitwa mdudu, anayefuata atauliza dawa ya kuua wadudu iko wapi.

Na hii ya tohara, mimi huwa nawauliza vijana, hiyo inajenga daraja gani? Itapunguza foleni ya hospitali ya Jaramogi kule Kisumu?

Ukipata kitu kama hicho kwenye grupu: usifowadi hata kama unafowadi kwa kulaani, maana huko kinakoenda kinaenda bila ile laana yako. Hifadhi ile ya kwanza, andika tarehe na jina la grupu, mwambie admini kwa sauti ya heshima aitoe, na kama ni tishio la kweli nenda hatua ya 8 moja kwa moja.

Hatua ya 4: Akiwa ni mwanamke, jiulize mara mbili

Sikiliza vile kampeni za Magharibi na Nyanza zinaenda. Mama akigombea kule alikozaliwa anaambiwa "wewe umeolewa, nenda ukaombe kura kwa bwana yako". Akigombea kule ameolewa anaambiwa "wewe ni wa kuja, rudi kwenu kwa baba yako". Kama hajaolewa, hawezi kuongoza nyumba ataongozaje wadi. Kama ameolewa, nani atapikia watoto. Kama ameachika, unajua utakachosikia. Sasa huyu mtu agombee wapi, mwezini? Na mwanamume kwa kiti hicho hicho hakuna mtu anamuuliza hata kama watoto wake wamekula.

Halafu kuna hizi picha za kutengenezwa, kichwa cha mtu kwa mwili wa mtu mwingine, siku hizi hata video, zinatumwa usiku wa kuamkia siku ya kura ili asipate nafasi ya kujibu. Kipimo changu ni rahisi: lile swali unataka kumuuliza, ungemuuliza mwanamume anayeshindana naye? Kama hapana, lifute. Na kama ndiyo, muulize bila kumhurumia. Nakuru 2022 tulichagua gavana mwanamke na seneta mwanamke, kwa hivyo mjadala wa kama wanawake wanaweza ulishaisha, sasa tubaki na mjadala wa kazi. Kumuuliza gavana mwanamke pesa ya kaunti ilienda wapi si kumdhulumu kwa sababu ni mwanamke, na watu wake wasitumie hiyo kama ngao.

Hatua ya 5: Tafuta karatasi

Bila karatasi wewe ni mpiga domo kama wengine. Mnakumbuka wilbaro za Bungoma 2015? Kaunti ilinunua wilbaro 10, kila moja shilingi 109,320. Hakuna mtu alihitaji kutukana mama ya mtu. Ile namba peke yake ilitosha, nchi nzima ikaielewa kwa sababu kila mtu anajua wilbaro ni pesa ngapi kwa hadwea, na maafisa wakafikishwa kortini. Hiyo ndiyo nguvu ya karatasi.

Mahali pa kuzipata:

Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwaka wa pesa unaisha tarehe 30 Juni, na Katiba kifungu cha 229 inampa miezi sita kukagua na kutoa ripoti. Ziko kwenye tovuti yao, kila kaunti, na hata kila hazina ya NG-CDF ya eneo bunge lako. Tafuta ya kwenu, soma zile kurasa za mwanzo ambapo anaandika kile alichokuta hakieleweki. Na hapa tafadhali sana: mkaguzi akisema stakabadhi hazikuonekana, hajasema pesa imeibwa. Inaweza kuwa imeibwa, inaweza kuwa karani ni mzembe. Wewe sema vile vile alivyosema yeye. "Mkaguzi anasema stakabadhi za milioni kadhaa hazikuonekana, zilienda wapi?" Hiyo hakuna wakili atakuletea barua. Lakini ukisema "uliiba milioni kadhaa" umemfungulia mlango wa kukushtaki kwa kumharibia jina, na pia umempa sababu ya kutojibu.

Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinaonyesha kaunti ilitumia pesa ngapi kwa maendeleo na ngapi kwa safari na marupurupu. Kwa mtu wa kawaida hizi ndizo tamu zaidi kusoma, jaribu utaona.

Mpango wa kaunti wa miaka mitano, ule CIDP wa 2023 hadi 2027. Hapo ndipo ahadi ziliandikwa, kwa wadi. Chukua ukurasa wa wadi yenu, tembea na huo ukurasa mkononi, angalia kimoja kimoja kipo ama hakipo, piga picha. Vijana wawili wa bodaboda wanamaliza wadi kwa Jumamosi moja.

Na kama karatasi haipo mtandaoni, iombe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa hiyo haki, unaweza kuandika kwa Kiswahili, hawafai kukuuliza unaitakia nini, kuomba ni bure unalipia tu fotokopi, na wana siku 21 za kukujibu. Mzee ambaye hajui kuandika anaweza kusema kwa mdomo na afisa anafaa kumwandikia. Barua yenyewe haihitaji wakili, ni hivi:

"Kwa katibu wa kaunti. Mimi ni mkazi wa wadi hii. Kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala ya mkataba wa ujenzi wa soko letu, jina la kontrakta, pesa iliyolipwa mpaka sasa, na tarehe ya kumaliza. Naomba jibu kwa maandishi." Weka jina, simu, tarehe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri ni muhimu kuliko barua. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa ile tume watu wanaita Ombudsman. Ila anza mapema, usingoje Julai 2027, hizi vitu zinachukua miezi.

Hatua ya 6: Andika swali, kisha liulize mahali linaweza kujibiwa

Swali zuri lina kitu kimoja, tarehe, mahali na pesa, na linaisha kabla mtu hajachoka. Si hotuba. Watu wetu wanapenda kuanza na salamu za dakika tano halafu historia ya ukombozi, mpaka maikrofoni inachukuliwa swali halijafika.

Badala ya "Nyinyi MCA ni wezi mmekula pesa ya soko na mnanunua magari makubwa watoto wetu wanalala njaa", sema: "Mheshimiwa, asante kwa kufika. Mimi ni muuza nguo hapa sokoni. Bajeti ya mwaka uliopita ilikuwa na pesa ya choo na paa la hili soko. Paa halipo. Ulimuuliza gavana lini, na alikujibu nini?" Unaona hapo hana pa kutorokea, akisema si kazi yake kujenga ni sawa, lakini wewe hukumuuliza kama alijenga, ulimuuliza kama aliuliza.

Mkutano wa barabarani, mtu amesimama juu ya gari na spika mbili kubwa na muziki, si mahali pa swali. Pale unaenda kusikiliza ahadi na kuzirekodi tu. Swali linafaa kwenye baraza, mkutano wa chama cha akina mama, sako ya bodaboda, mkutano wa wazazi, ukumbi wa kanisa kama kuna mjadala, ama vikao vya umma vya bajeti. Nenda na watu watatu wanne wanaojua swali, kila mmoja akae pande yake. Wa kwanza akiulizwa "umetumwa na nani", wa pili anasimama na heshima zote anarudia swali lile lile, neno kwa neno. Usiongeze lingine, usibishane kuhusu nani alikutuma. Mtu anaweza kuruka swali mara moja watu wasione. Mara ya tatu kila mtu ameona, hata shangazi aliyeletewa kitenge.

Vijana wa kukodiwa wakianza fujo, ondokeni. Hakuna swali la paa linastahili kichwa cha mtu kupasuliwa. Video ya mheshimiwa akikataa kujibu itafanya kazi yake baadaye.

Hatua ya 7: Kama wewe uko ndani ya kampeni

Najua wengi wenu mnaosoma hii mko kwa timu fulani, mnalipwa bando na nauli mjaze grupu maneno. Sikatai, maisha ni magumu na kazi ni kazi. Lakini nakuomba kama ndugu yako, kabla hujachapisha kitu kuhusu mpinzani, mwambie aliyekutumia akupe karatasi. Kama hana, kataa, kwa sababu kesi ikija jina litakalotajwa ni lako wewe mwenye simu. Hutamwona yule meneja aliyekuandikia.

Mwaniaji naye asijifiche. Sheria ya uchaguzi ina kanuni za maadili ambazo vyama na wawaniaji wanafungwa nazo, na kamati ya IEBC inaweza kumwita mtu na kumpiga faini. Kusema "hao ni mabloga tu siwajui" wakati wamevaa fulana zako na wanapanda gari lako, hiyo isikubaliwe. Muulizeni hadharani: hawa ni wako? Kama ni wako, hili waliloandika ni la kweli? Kama si la kweli, lini utalisahihisha? Na sahihisho liende kwa grupu zile zile na mkutano ule ule uongo ulipotoka, si kunong'onezwa kwa simu.

Ukishambuliwa wewe ama mtu wako, jibu mara moja, kwa ukweli, kwa maneno machache, na uweke karatasi chini yake. Kisha rudi kwa ajenda yako. Usiguse watoto wa mpinzani, usiguse mama yake, hata kama yeye aligusa wako. Watu wanaangalia, na hasa wale wazee wanaokaa nyuma bila kusema kitu, hao ndio wanaamua kura.

Hatua ya 8: Ikivuka mpaka, ripoti kwa njia inayosimama

Tishio, uchochezi, kupigwa, kuzuiwa kufanya mkutano: polisi, na usitoke kituoni bila namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Matamshi ya chuki: NCIC. Kuvunja kanuni za kampeni, kupasua mabango, kuhonga: ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako, kwa maandishi.

Kesi nyingi za matamshi zinaanguka kwa ushahidi mbovu, kwa hivyo jipange. Weka video ya awali kwenye simu iliyoirekodi, ile ya kufowadiwa ina shida kubwa kortini. Andika maneno kama yalivyosemwa, kwa lugha iliyosemwa, iwe ni Dholuo, Kikuyu, Kalenjin, Lubukusu ama Maragoli, kisha maana yake kando, usiandike maana peke yake. Mahali, saa, nani alikuwa amesimama karibu, na majina ya watu wawili walio tayari kusema. Na usiichapishe mtandaoni kabla ya kuripoti, ukifanya hivyo umewasaidia kusambaza.

Hatua ya 9: Baada ya kura

Yule mliyembana akishinda, maswali yale yale yanaendelea, na akishinda yule mliyempenda, pia anaulizwa, hapa ndipo wengi wanalegea. Sheria ya pesa za umma inataka kaunti ipeleke mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na uchaguzi ukiwa tarehe 10 Agosti 2027 hizo ni kama wiki tatu tu, watu bado wanasherehekea na wengine bado wanalia. Wakati huo huo kaunti itakuwa inaanza kuandika mpango mpya wa miaka mitano. Kwa hivyo zile ahadi mlizorekodi kwenye mikutano ziandikeni kwa karatasi moja, ahadi, tarehe, mahali aliposema, zipelekwe ofisi ya wadi na nakala kwa karani wa bunge la kaunti, zipigwe muhuri, kisha mwulize mwakilishi wenu mpya ni ngapi kati ya hizo ataziingiza kwenye mpango, na asipozijua mpe hiyo karatasi azisome mbele yenu.